Mwaka wa Bunju

Bi Mishi alizikwa Jumatano baada ya Alasiri, nami nilifika Msambweni Alhamisi asubuhi, nimechelewa. Simu ya Riziki, binti yake, ilinikuta baharini nje ya Shimoni nimewapeleka wageni kuvua, na huko mtandao huja ukitaka. Niliingia uani kwao bado nanuka chambo. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye mikeka mbele ya nyumba, nikawapa mkono wa pole mmoja mmoja, nikakaa nao. Haikupita nusu saa Riziki akatuma mtu aniite jikoni, kwa kuwa katika nyumba ile mimi nahesabiwa mtoto, si mgeni. Riziki sasa ni mama wa watoto wanne na mvi zimemwingia, lakini bado ana sauti ile ya chini aliyokuwa nayo akiwa msichana wa miaka kumi na sita. Akanimiminia chai ya tangawizi, akanisogezea mahamri na bakuli la mbaazi, akaniacha nile kwanza. Kisha akasema, huku akiangalia mlangoni kama kuna anayesikiliza:

"Kaka Nyamawi, wajua kwamba Mama alikuwa akikuonjea samaki wako? Mwaka ule ulipokuwa ukijifunza."

"Kuonja chumvi?"

"Kuonja sumu."

Hamri nililokuwa nalo mkononi nililirudisha kwenye sahani. Nimekaa baharini zaidi ya miaka thelathini, nimezamishwa mara mbili, nimemtoa mwenzangu majini akiwa maiti, lakini sikumbuki jambo lililowahi kunipiga vile. Riziki aliendelea kusema nami nilikuwa naona midomo tu. Sasa ni wiki ya tatu tangu siku hiyo na bado sijatulia. Mke wangu akinipakulia chakula naduwaa na kijiko mkononi mpaka ananiuliza kama naumwa. Siumwi. Ninaupitia upya mwaka mmoja wa ujana wangu, mwaka ambao nimewasimulia watu mara nyingi nikijisifu, na kila nikigeuka ndani yake nakuta kitu ambacho kilikuwa mbele ya macho yangu nami sikukiona.

Asiyemjua bunju nimweleze. Ni samaki mnene asiye na magamba, mwenye meno yaliyoungana kama koleo, na ukimtoa majini hujijaza upepo mpaka anakuwa kama mpira. Ndani yake, hasa kwenye ini na mayai, mna sumu ambayo moto hauiui. Nami kila anayeniuliza namwambia amrudishe baharini akiwa mzima na asijaribu kabisa. Mimi mwenyewe niliacha zamani. Lakini nyumba ile ilikuwa ikimla. Mume wa Bi Mishi, Mzee Bakari, alikuwa na jina pwani nzima kwa kazi hiyo. Wavuvi wengine wakimnasa bunju walimtupa au walimpelekea yeye, na yeye alimpasua kwa kisu kidogo chembamba, taratibu, bila kusema neno, na jioni nyumba nzima ilikula na kesho yake ikaamka. Jirani zake walimheshimu na kumwogopa. Nilikuwa nikiwasikia wanawake wawili kisimani wakisema kwamba wale watakufa wote siku moja, halafu wakiniona nakaribia wanageuza maneno na kuniuliza habari za ng'ombe.

Nilifika kwao nina miaka kumi na tisa. Ukame ulikuwa umemaliza ng'ombe wetu sisi Waduruma wa upande wa Kinango, na hayo yanatosha kusemwa. Nilikuwa nimejaribu kukata miwa Ramisi, nikashindwa, na Mzee Bakari akanichukua nimchotee maji na kumfulia nazi, nami nikapewa pa kulala. Chumba changu kilikuwa uani, kimeshikana na jiko. Ukuta ulikuwa mmoja kwa vyumba viwili, wa udongo na mawe ya baharini, na haukufika kwenye makuti, kwa hiyo harufu zote na maneno yote ya jikoni yalikuwa yangu pia. Nililala kati ya magunia ya nazi kavu na mishipi ya kuvulia iliyoviringwa kwenye vipande vya miti, na asubuhi niliamshwa na Bi Mishi akikuna nazi upande wa pili. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye haraka, anayesema na sufuria zake kana kwamba zinamsikia. Alinipenda tangu siku ya kwanza, hilo nilijua, lakini kwa namna ya kunitania: "Mduruma wangu, leo umeota ng'ombe wangapi?"

Siku moja baada ya chakula Mzee Bakari alinitazama nikilamba vidole akaniambia, "Mwanangu, changu na tasi kila mtu huwavua. Mtu akinivulia bunju kwa mshipi, akampasua kwa mkono wake, nikala nikaamka, huyo nampa nafasi chomboni mwangu. Nakupa mwaka mmoja."

"Nikishindwa, Mzee?"

"Utarudi kwenye vumbi lako," akasema, na wote wakacheka, nami nikacheka pamoja nao. Lakini usingizi ulinipaa. Kule kwenye vumbi langu hakukuwa na kitu. Nafasi katika chombo kile ndiyo ilikuwa dunia yangu nzima.

Basi nikaanza. Mtu akimwona bunju kwa unene wake na kuogelea kwake kwa uvivu atadhani ni rahisi. Nami nilidhani hivyo. Mtumbwi tuliufunga ndani ya mwamba, maji yakiwa yanapanda, na Mzee alinipa mshipi wenye chubwi ndogo, ile risasi ya kuzamisha ndoana, kipande cha waya karibu na ndoana kwa sababu nailoni bunju huikata kama fundi cherehani anavyokata uzi, na chambo cha kaa. Wiki za kwanza nilikuwa nikivuta ndoana tupu. Bunju hamezi kwa pupa. Anasimama mbele ya chambo, anakimega kidogo kidogo, anakimaliza, anaondoka, na wewe juu bado unangoja kuvutwa. Mimi nilikuwa nimezoea kamba ya fahali. Niliuzungusha mshipi kwenye kiganja na kusubiri vita, na vita havikuja. Mara moja nilivuta kwa nguvu nusura niuzamishe mtumbwi, na Mzee Bakari akaangua kicheko mpaka akajishika mbavu. "Huyu si ng'ombe, Nyamawi. Usivute ukimsikia. Vuta ukiacha kumsikia."

Nilidhani ananitania. Miezi minne ilipita kabla sijaelewa. Ile chubwi ina uzito wake, na vidole vinauzoea uzito huo mpaka huuhisi tena. Bunju akikiinua chambo ili akimege kutoka chini, uzito unapungua kidogo sana, kwa muda wa kupepesa jicho, na hapo ndipo pa kuvuta. Kilichonisaidia ni kukamua. Asubuhi moja niliufungua mshipi kwenye kiganja, nikaushika kwa ncha za vidole viwili na gumba kama ninavyoshika chuchu ya ng'ombe mgumu, yule ambaye ukimbana anayazuia maziwa. Uzito ukapungua. Nikavuta. Bunju wangu wa kwanza akaja juu amekasirika, amevimba, anasaga meno, na mimi nikapiga kelele ambazo zilisikika ufukweni. Mpaka mwezi uliopita hiyo ndiyo ilikuwa asubuhi bora ya maisha yangu.

Katika nyumba ile ilikuwapo sheria moja: anayemvua ndiye anayempasua. Mkono mwingine hauingii. Mzee Bakari alisema mtu akipasuliwa samaki na mwenziwe hatajifunza woga, na bila woga hakuna bunju. Alinionyesha mara nyingi kwa samaki wake, nami nilitazama kwa kiburi, kwa sababu mimi nilikuwa nimechuna ng'ombe na mbuzi tangu nina miaka kumi, na samaki ni nini? Kwa yule wa kwanza kisu changu kilikuwa chepesi, nilimaliza haraka, nikaosha, nikaipeleka nyama jikoni nikiwa nimetoa kifua. Mzee Bakari aliitazama nyama ile, akanitazama mimi. Akamfuata mkewe ndani. Nami niliingia chumbani kubadilisha nguo na nikawasikia juu ya ukuta.

"Mkono wake una pupa," alisema Mzee. "Bora arudi kwao."

"Kwao kuna nini?"

"Basi tumpe paka kwanza."

"Paka hasemi," alisema Bi Mishi. "Nitaanza mimi."

Mzee akakohoa na kutoka. Niliyasikia maneno hayo neno kwa neno, nayakumbuka mpaka leo, na naapa sikuyaelewa. Nilichosikia mimi kilikuwa "bora arudi kwao" tu, na hilo liliniuma mpaka mengine yakapita. Habari ya paka nilidhani ni ya paka. Mtu wa miaka kumi na tisa mwenye hofu moja kubwa hana masikio ya kitu kingine.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ningeweza kulificha, lakini nimeahidi nafsi yangu sitalificha. Samaki wangu alipikwa kwa tui na ndimu, na chungu kikaepuliwa mapema, kabla ya Adhuhuri. Hatukula. Chungu kilifunikwa kwa kawa, kikawekwa kando, na watu wote wakakaa. Mzee Bakari alikwenda msikitini akarudi, akajilaza barazani. Riziki alikaa karibu na mama yake akimsukia ukili wa mkeka. Njaa iliniuma mpaka nikaona giza, na hatukula mpaka baada ya Alasiri. Mimi nilikuwa mtu wa kanisa la kule kwetu, kwa jina zaidi kuliko kwa vitendo, na mambo ya dini yao sikuyajua. Nikasema moyoni kwamba hii lazima ni ibada, kwamba bunju ana masharti yake ya sala. Niliwaheshimu kwa subira yao. Hata nilipokwenda kwetu niliwasimulia watu kwamba Waislamu wa pwani hawali bunju mpaka kipite kipindi kimoja cha swala, na wakaniamini. Kumbe saa zile tatu hawakuwa wakimngoja Mungu peke yake. Walikuwa wakimtazama Mama.

Maana yeye alikuwa ameshakula. Hilo nililiona kwa macho yangu kupitia upenyo wa mlango: chungu kikiepuliwa tu, Bi Mishi alijipakulia kipande kwenye kisahani, akala amesimama, haraka, peke yake. Katika nyumba ile wanaume na wageni walitangulia kula na wanawake wakafuata. Mama aliyekula kabla ya mumewe, kabla ya mgeni, jikoni, kwa kujificha! Nilimwonea haya. Nikamwita mroho moyoni mwangu, na si moyoni tu. Nilikuwa na rafiki mmoja pale Msambweni, mpasua mbao, nikamwambia kwa kicheko kwamba mama mwenye nyumba yangu hawezi kusubiri, harufu ya bunju ikimpata adabu zote zinamtoka. Tulicheka sana. Naandika haya na uso unaniwaka.

Wa pili, wa tatu na wa nne walikwenda vivyo hivyo. Kisha akaja yule jike mkubwa. Nilimpata siku ya Jumamosi, amejaa mayai, mzito kuliko wote niliowahi kuwaona hata kwa Mzee Bakari, na kichwa changu kikavimba kuliko samaki mwenyewe. Nilimpasua huku nikizungumza na watu waliokuja kumtazama. Kisu kiliteleza, kitu kikapasuka, nikamimina maji nikasuuza. Nikasuuza! Sikumwambia mtu. Nilijiambia maji yamesafisha, nikaipeleka nyama jikoni, na chungu kilipoepuliwa nikaenda kisimani kuchota maji nikiimba njia nzima.

Niliporudi, Bi Mishi alikuwa amelala kwenye mkeka jikoni, kichwa kwenye mapaja ya Riziki. Nikatua ndoo. "Shikamoo, Mama," nikasema, kwa furaha, kwa kuwa nilitaka anisifu. Hakuitikia. Alinitazama moja kwa moja, macho makavu, na hakuitikia. Nikarudia. Riziki akasema bila kuinua kichwa, "Mama amechoka. Nenda nje." Nikatoka, nikamkuta Mzee Bakari nyuma ya nyumba amechimba shimo na anamwaga ndani yake chungu kizima, samaki wangu wote, mchuzi wangu wote, na anafukia kwa jembe.

"Mzee, vipi?"

"Chungu kimeungua."

Kilikuwa hakijaungua. Pua yangu ilikuwa nzima na sikusikia harufu ya kuungua. Nilisimama pale nimejaa hasira, nikiona wazi kabisa kilichotokea: wameona nimemshinda mwenye nyumba kwa ukubwa wa samaki, wamefanya choyo, na mama amenikatia salamu ili nijue nimekuwa mtu wa kutupwa. Kwetu na kwao pia, mtu mzima asiyeitikia shikamoo amekufukuza. Nikachukua shati langu, nikaenda kulala kwa yule rafiki mpasua mbao, na niliporudi siku ya pili nilipita mbele ya Bi Mishi kimya. Yeye ndiye alianza. "Mduruma wangu," akasema, polepole, kama mtu anayejifunza maneno upya, "hujambo?" Nilimjibu kwa kuinua kidevu. Siku kumi nzima sikumwamkia mwanamke yule. Alikuwa akinipakulia chakula, mimi napokea na kutazama pembeni.

Riziki alinieleza yote asubuhi ile ya matanga, na chai ikapoa mbele yangu. Kwamba midomo ilianza kufa ganzi kabla sijafika kisimani. Kisha ulimi, kisha vidole, kisha miguu. Kwamba niliposimama mlangoni na ndoo yangu alikuwa ananisikia vizuri kabisa, akili yake nzima, na alitaka kuitikia lakini ulimi ulikuwa umelala mdomoni kama kipande cha mti. Kwamba pumzi yake ilikuwa inahesabika. Baba yake alitaka kwenda kutafuta gari la kumpeleka hospitali, na Mama akawa anamshika nguo kwa kiganja, akikataa, kwa sababu hospitali wangeuliza nani amempasua samaki.

"Ulimi ulipofunguka usiku," Riziki alisema, "neno la kwanza lilikuwa lako. Alisema, mtu yeyote asimwambie Nyamawi. Akijua hatashika kisu tena, na asiposhika kisu Baba atamrudisha."

Nikauliza swali nililokuwa naliogopa. "Na yule wa baada ya hapo? Nilileta mwingine baada ya wiki tatu."

"Alikula."

"Alikula tena?"

"Wote aliwala, Kaka. Mpaka mwaka ulipokwisha."

Nakumbuka ulivyokwisha. Siku moja nilileta bunju wa wastani, nikiwa tayari nimepunguza mbwembwe, kwa kuwa ile hasira ya samaki aliyefukiwa ilinifanya nipasue kwa uangalifu ili wasipate tena kisingizio. Chungu kilipoepuliwa kililetwa moja kwa moja kwenye mkeka, kinatoka mvuke, kabla ya Adhuhuri, na wote tukala kwa pamoja, Bi Mishi naye amekaa pembeni ya Riziki. Mzee Bakari akanawa mikono, akasema, "Kesho utakuja chomboni alfajiri, ukae tezi, nyuma kwangu." Nilifurahi mpaka nikalia. Nikadhani wamenilegezea masharti ya swala kwa kuwa sasa nimekuwa mtu wao.

Mzee Bakari alifariki miaka mingi iliyopita, na kila nilipozungumza na vijana nilimtaja yeye. Mwalimu wangu, nilisema. Sasa simwelewi. Kuna siku namkasirikia nikiwa peke yangu kwenye mashua, namwuliza kwa sauti iliwezekanaje alale barazani saa tatu na mkewe yuko jikoni anasubiri kufa. Kisha namkumbuka akichimba lile shimo, na mikono yake ilivyokuwa haishiki jembe vizuri, jambo ambalo nililiona na kulipita. Riziki anasema baba yake hakulala siku zile, alikuwa akifumba macho tu. Labda. Mimi ndiye niliyesuuza nikanyamaza, kwa hiyo sina mahali pazuri pa kusimama nimhukumu mtu.

Kabla sijaondoka nilimwuliza Riziki kama mama yake alikuwa haogopi.

"Aliogopa sana," akasema. "Kila ukitokea na bunju alikuwa akienda kutawadha, halafu ananionyesha sanduku chini ya kitanda, nisije nikahangaika kulitafuta. Ndani mna sanda. Aliinunua Ukunda wiki ile ile uliposhika kisu mara ya kwanza. Alimwambia Baba ni kitambaa cha foronya."

"Bado mnayo?"

"Ndiyo tuliyomzikia jana. Ilikuwa imegeuka rangi, kama chai ya maziwa. Shangazi zangu walitaka tununue mpya, nikawaambia Mama aliusia avishwe hiyo hiyo. Alisema haina kosa lolote, ilikosa kazi tu."